Zilipendwa, na Nani?

Kila Mkenya aliyewahi kuota kumiliki gari anaijua hii sheria, hata kama hajawahi kuisoma mahali: gari la mtumba haliingii nchini likiwa limepita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza huko lilikotoka. Likizidi hapo, serikali inaliona limezeeka. Lakini kuna shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, ambalo lina hesabu yake tofauti. Kwao, gari likifikisha miaka 30, likiwa limetunzwa katika hali inayolingana na historia yake na halitumiki kwa safari za kila siku, basi hilo ni gari la kihistoria. Ni sehemu ya urithi.

Weka hizo namba mbili pamoja. Miaka 8 ni aibu, miaka 30 ni heshima. Na hapo katikati je, hiyo miaka 22? Hapo katikati gari ni mkweche. Linachekwa kwa stage, askari wa trafiki wanalipenda kuliko mwenyewe, na kila jirani ana ushauri: uza hiyo kitu kwa kilo, bana, ununue Vitz.

Sasa swali langu ni hili. Usiku ule gari linapotoka kwa umkweche na kuingia kwa uklasiki, ni nini hasa kinachobadilika? Chuma ni kilekile. Kutu ni ileile. Na hata si kila mkweche unaofika miaka 30 unapewa heshima. Mingi huishia kuwa sufuria. Kuna kitu kinafanya moja iwe klasiki na nyingine iwe takataka.

Nauliza hasa kuhusu magari ya kifahari: Rolls-Royce, Bentley, Bugatti, zile Mercedes ndefu. Hayo yalitengenezwa tangu mwanzo ili yatazamwe, na leo yanatazamwa zaidi. Kila mwaka pale Ngong Racecourse kuna Concours d'Elegance, magari yanapangwa kwenye nyasi na waamuzi wanayakagua nje, ndani, kwenye injini, mpaka chini ya tumbo la gari. Wasee wa mtaa wanaenda kuosha macho. Na si makosa kuosha macho. Lakini ukiita kitu klasiki hujasema tu kwamba kinapendeza. Umesema kinastahili heshima, kihifadhiwe, watoto waonyeshwe. Hayo ni madai mazito, na madai mazito yanahitaji sababu.

Tuanze na majibu rahisi, maana hayachukui muda.

Jibu la kwanza ni bei. Mei 2022 Mercedes-Benz 300 SLR Uhlenhaut Coupé, moja kati ya mbili tu zilizotengenezwa mwaka 1955, iliuzwa huko Stuttgart kwa yuro milioni 135. Mbele ya pesa kama hizo mtu anaona mjadala umeisha. Lakini bei inakuambia watu wangapi wanakitaka kitu na wana pesa ngapi. Haikuambii kama kukitaka kwao kuna maana. Nyumba ya karibu na barabara kuu inauzwa ghali pia.

Jibu la pili ni uchache. Hapa mfano mzuri ni Bugatti Royale, gari ambalo Ettore Bugatti alilikusudia wafalme. Injini yake ilikuwa na ujazo wa lita 12.7, zaidi ya mara kumi ya hiyo Vitz ya lita moja unayoshauriwa ununue. Kisha uchumi wa dunia ukaporomoka mwishoni mwa miaka ya 1920, na hakuna mfalme hata mmoja aliyelinunua. Wateja waliolinunua walikuwa watatu tu. Injini zilizobaki Bugatti alizifunga kwenye mabehewa ya reli ya Ufaransa, zikabeba abiria wa kawaida. Leo Royale zilizobaki ni 6, na kila moja inaabudiwa. Lakini uchache wake ulitokana na biashara kugoma. Kama uchache peke yake ungetosha, kila bidhaa iliyokosa soko ingekuwa klasiki, na Gikomba ingekuwa makumbusho.

Jibu la tatu ndilo linalopendwa na wajuzi: uasilia. Wanasema klasiki ya kweli ni ile yenye injini yake ya kwanza, chesisi yake, ngozi ya viti vilevile, rangi ileile. Hili jibu lina nguvu, na ndilo linalotupeleka mahali penye utamu.

Nilikaa kwenye darasa la falsafa muda mfupi kabla ya karo kuleta maneno, na kitu kimoja nilichotoka nacho ni meli ya Theseus. Plutarch anasimulia kwamba watu wa Athens waliihifadhi meli ya shujaa wao, na kila ubao ulipooza waliutoa wakaweka mpya. Mwishowe wanafalsafa wakaanza kubishana: bado ni meli ileile? Mtu wa Lamu hahitaji Plutarch kwa hilo. Jahazi linapandishwa pwani, ubao mbovu unatolewa, mwingine unapigwa, linakalafatiwa, linarudi majini na jina lake lilelile. Hakuna anayeliuliza kitambulisho.

Mwaka 1990 swali hili lilitoka darasani likaingia Mahakama Kuu ya London, na safari hii lilikuwa na bei: pauni milioni 10. Gari lenyewe ni Bentley Speed Six linaloitwa Old Number One. Lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1929, likarudi likashinda tena 1930. Kwa wapenzi wa magari hiyo ni kama farasi wa mtume. Mwenye gari alikubaliana kuliuza kwa hizo milioni 10, kisha kampuni iliyokuwa ikinunua ikakataa kulipa. Hoja yao ilikuwa kwamba hili si gari lililoshinda Le Mans.

Na walikuwa na hoja, usidhani ni ujanja tu. Ushahidi ulionyesha kwamba la 1929 halikubaki na kitu cha maana ila vikorokoro. La 1930 lilibakiwa na vipande vya kuhesabu kwa vidole, kama usukani kwa maana ya mhimili wake na ganda la gia boksi. Chesisi ilikuwa imebadilishwa. Injini ya mwanzo ilitolewa, na mwaka 1932 ikawekwa ya lita 8. Septemba ya mwaka huohuo dereva Clive Dunfee aliliendesha katika mbio za Brooklands, likaruka ukingo wa juu wa uwanja, akafa. Baadaye likajengwa upya kuwa gari la barabarani. Kwa hivyo mnunuzi aliuliza swali ambalo mimi na wewe tungeuliza: ninalipia nini hasa?

Jaji, jina lake Otton, alitenganisha mambo mawili ambayo kwa Kiswahili yanatengana vizuri kuliko kwa Kiingereza. Alisema gari hili si asilia, maana vipande vyake vya kwanza vimekwisha. Lakini ni halisi. Ni halisi kwa sababu historia yake haikukatika. Lilibadilishwa kidogo kidogo, mbele ya macho ya watu, na hakuna Bentley nyingine duniani inayoweza kusimama na kudai kwamba yenyewe ndiyo Old Number One. Mnunuzi akashindwa kesi.

Mimi nadhani jaji alisema kweli, na alisema kweli kubwa kuliko alivyokusudia. Ukiondoa bei, uchache na chuma cha kwanza, kinachobaki ni simulizi isiyokatika. Klasiki ni kitu ambacho kimepita mikono mingi na njiani hakikupoteza jina lake.

Lakini ukikubali hilo, kuna bili inakuja, na watu wengi wa concours hawaioni ikiwekwa mezani. Kama unachokiheshimu ni historia ya gari, huwezi kuchagua vipande vya historia kama mtu anayechagua nyama kwenye sahani ya wenzake. Inabidi uichukue yote.

Basi tuchukue yote. Dereva aliyeshinda nalo miaka yote miwili ni Woolf Barnato. Alikimbia Le Mans mara tatu, 1928, 1929 na 1930, akashinda mara zote tatu. Wasifu wake kwenye vitabu vya magari unang'aa: tajiri, mwanaspoti, mtu wa karamu. Na hakuwa dereva tu. Bentley ilikuwa ikitengeneza magari mazuri na hesabu mbaya, na pesa ya Barnato ndiyo iliyoiweka hai katika miaka ile ya ushindi. Bila hiyo pesa huenda hakuna Speed Six, hakuna Old Number One, hakuna kesi.

Pesa ilitoka wapi? Ilitoka Kimberley, Afrika Kusini. Baba yake, Barney Barnato, alikwenda huko akitokea London kutafuta maisha kwenye machimbo ya almasi, akatajirika mno, na mwaka 1888 kampuni yake ikaungana na ya Cecil Rhodes kuwa De Beers. Wachimbaji weusi wa Kimberley waliishi kwenye kambi zilizofungwa. Mtu akiingia mkataba, hakutoka mpaka mkataba uishe. Na kabla ya kuachiwa aende nyumbani alipekuliwa mwili mzima, hata tumboni, isije ikawa amemeza almasi.

Hiyo ni sehemu ya Old Number One. Sisemi kwamba kila boliti yake ina jina la mchimbaji. Nasema mnyororo ambao jaji aliuita usiokatika haukuanzia kwenye karakana ya Bentley. Pete yake ya kwanza iko kwenye shimo. Ukisema gari hili linastahili milioni 10 kwa sababu ya lilikopita, basi shimo pia ni mahali lilikopita.

Najua utakachosema. Chuma hakina dhambi. Gari halikumpekua mtu, wala mhandisi aliyechora ile injini hakuwa na kambi. Ni kweli, na ndiyo maana sisemi gari lichomwe. Lakini kumbuka chuma hakina utukufu pia. Kama dhambi ya watu haishiki kwenye chuma, ushindi wa Le Mans nao haushiki. Huwezi kusema heshima inarithiwa na aibu inabaki kwa wenyewe. Hiyo ni tabia ya familia zinazotaka shamba la babu lakini hazitaki kesi ya babu.

Utasema pia: kwa hesabu hiyo hakuna kitu kisafi. Simu unayosomea maneno haya ina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, ambako kuna watoto wamechimba. Naam. Lakini simu yangu naitumia, siitundiki. Sijaiweka kwenye nyasi nikaita waamuzi. Kutumia kitu katika dunia iliyochafuka ni jambo moja, kila mmoja wetu yumo humo. Kukiinua kitu na kusema hiki ndicho bora tulichowahi kutengeneza, hilo ni jambo jingine, na anayelisema amejitolea mwenyewe kueleza. Anayejitokeza kuwa shahidi hachagui maswali.

Sisi huku tuna sababu ya karibu zaidi ya kulijali jambo hili. Katika miaka ya 1960, uhuru ukiwa bado mbichi, Kiswahili cha Afrika Mashariki kilizaa neno Wabenzi. Lilitungwa kama jina la kabila: Wameru, Wagogo, Wabenzi. Kabila lisilo na kijiji wala lugha, ila lina Mercedes. Ni neno la kuchekesha lililotoka kwa watu wenye hasira, watu waliokuwa kando ya barabara wakirukiwa na vumbi la viongozi waliodhani ni wao.

Sasa chukua Mercedes-Benz 600, gari kubwa kuliko yote ya ukoo ule wakati wake. Lilitengenezwa kuanzia 1963 hadi 1981, jumla 2,677 tu. Vioo vyake, viti vyake, hata mfuniko wa buti, vilisukumwa na mafuta yenye shinikizo kubwa ili mheshimiwa asisikie hata mlio wa mota. Mobutu alikuwa nalo. Mao alikuwa nalo. Elvis Presley na John Lennon walikuwa nalo. Uhandisi wake ni wa ajabu, na ukilikuta leo limenyooshwa na kupigwa rangi vizuri, moyo unaruka. Wangu ungeruka.

Lakini ona muda unavyofanya kazi. Gari lililonunuliwa na Mobutu huku hospitali za Zaire zikikosa dawa linafikisha miaka 30, halafu 50. Mama aliyekosa dawa amekufa. Dereva wa msafara amekufa. Aliyetunga neno Wabenzi amezeeka au hayupo. Anayebaki kusimulia ni gari, na gari linang'aa. Watu husema muda unasafisha. Muda hausafishi. Muda unazika mashahidi, na kilichobaki kinaonekana kisafi kwa sababu hakuna wa kubisha. Kwa hiyo miaka 30 ya FIVA haitoshi, hata kama gari limetunzwa vipi. Inaweza kuwa miaka 30 ya kutunza na pia miaka 30 ya kusahau.

Je, hii inamaanisha klasiki haipo, kwamba kila gari la kifahari ni wizi uliopigwa polishi? Hapana, na hapa ndipo narudi kwa ile miaka 22 ya umkweche, maana nadhani jibu limejificha humo.

Fikiria nani anayelibeba gari la kifahari likishatoka kwa mwenyewe wa kwanza. Mdosi aliyelinunua jipya, mara nyingi, aliliacha mtindo ulipobadilika. Likashuka. Likaenda kwa mtu wa pili, wa tatu, wa nne. Mfano wa wazi ni Mercedes W123, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1986, karibu milioni 2.7. Ilianza kama gari la wenye nazo, na Ujerumani ikawa pia teksi, kisha ikazunguka Afrika nzima ikabeba harusi, maiti, mbuzi na walimu wakuu. Bado utaiona Nairobi, namba yake ni zile za zamani zisizo na herufi ya mwisho, na ndani kuna mzee ambaye hakuwa na uwezo wa kuinunua ilipokuwa mpya.

Huyo mzee ana fundi. Fundi yuko Grogan, au Industrial Area, au chini ya mti fulani. Spea ya Ujerumani ikikosekana, fundi anaikereza mwenyewe kwenye mashine, anaijaribu, haikai, anaikereza tena. Injini inasikilizwa kama daktari anavyosikiliza kifua. Hakuna anayewapigia picha. Kwa macho ya mtaa wanapoteza muda kwa mkweche. Lakini ile historia isiyokatika ambayo jaji wa London aliilipia heshima, ni hawa wanaoishona. Kila mahali ambapo mnyororo ungekatika, kuna mtu mwenye grisi mikononi aliyeushika.

Na hapo FIVA inanichekesha kidogo inaposema gari la kihistoria lisitumike kila siku. Naelewa nia yao, wanataka lisichakae. Lakini kwa huku gari lililoponea ni mara nyingi lile lililohitajika. Halikutunzwa kwa kufunikwa turubai. Lilitunzwa kwa sababu kesho asubuhi kuna safari.

Kiswahili hakina neno lake la klasiki, tumekopa hilo. Lakini tuna neno la redioni ambalo naliona bora zaidi: zilipendwa. Tunaziita hivyo nyimbo za zamani zilizokataa kufa. Angalia lile neno linasema nini. Halisemi zilikuwa ghali, wala zilikuwa chache, wala zimezeeka. Linasema kuna mtu alizipenda. Na kwa sababu kitenzi kiko katika kutendwa, linaacha pengo mwishoni ambalo mwalimu wa Kiswahili angekudai ulijaze: zilipendwa na nani?

Kwangu hapo ndipo klasiki ya kweli inapopimwa. Gari ambalo swali hilo unaweza kulijibu hadharani, bila kuruka jina, limefika. Alilipenda fulani aliyelilipia kwa pesa iliyotoka mahali fulani. Lilimuua fulani. Lilitupwa na fulani, likaokotwa na fulani, likashonwa na fundi fulani mara 40. Ukianza kukohoa ulipofika kwenye pesa, au ukasahau jina la fundi, bado una kitu kizuri mkononi, lakini hujafika kwenye klasiki. Una nusu yake. Na kwa kipimo hiki Old Number One inaweza kuwa klasiki kabisa, siku watakapoisimulia kuanzia Kimberley. Kuanzia Le Mans ni kuanzia katikati.

Kwenye maonyesho ya magari huwa kuna kikaratasi mbele ya kila gari: aina, mwaka, injini, mwenyewe. Ningeongeza mistari mitatu. Pesa ya kulinunua ilitoka wapi. Nani aliliendesha mdosi akiwa amelala kiti cha nyuma. Na nani amekuwa akilitengeneza miaka yote hii. Haihitaji kamati wala bajeti, ni wino tu. Wenye magari wengine wataandika kwa furaha, hasa ule mstari wa tatu, maana wanamjua fundi wao kuliko wanavyowajua mashemeji zao. Wengine wataacha ule wa kwanza wazi.

Hao ukifika kwa gari lao, waulize.